Tulivyompokea Rubani

Mtu akimwaga petroli kidogo kituoni hapa Eldoret, harufu yake hunirudisha utotoni, kando ya shamba la ngano, miguu mitupu, tawi bichi mkononi.

Ndege ndogo ilikuwa inakuja kutua kwenye kiwanja cha nyasi. Sisi watoto tukajipanga pembeni tukipunga matawi, kama wakimbiaji wanavyopokewa wakirudi nyumbani. Rubani akapaa tena kabla ya kugusa nyasi. Tukadhani anaringa, aliporudi tukapunga zaidi. Akapaa tena. Mara ya tatu alikuja polepole mno, pua juu, mabawa yakashindwa kuibeba ndege. Ikaanguka kwenye ngano kama gunia la viazi, petroli ikanuka kote.

Nilijua tumemuua. Nina digrii mbili sasa, na sijawahi kuwa na uhakika kama ule.

Akatoka akichechemea, paji la uso likivuja damu.

“Mlikuwa mnanionya nini? Ng’ombe? Shimo?”

Tukaficha matawi migongoni. Nyanya yangu akafika akihema, na kibuyu cha mursik, maziwa ya kumpokea anayetoka mbali.

“Shimo gani? Walikuwa wanakukaribisha. Kunywa, kijana, umefika.”

Akaitazama ndege, akatutazama sisi.

“Asante, Mama,” akasema, akapokea kibuyu kwa mikono miwili.