Nilimkatia Mama Mukwe Chuma cha Kushikia

Mwenye makosa ni mimi. Si barabara, si uzee wake, si shetani. Mimi! Nimekaa na jambo hili miezi minne, na leo ninalileta kwenu kwa sababu nyumbani siwezi kulisema.

Nafanya taksi-moto hapa Rumonge. Mgongo ulikuwa unaniua. Kiti cha pikipiki kilikuwa kimeisha sponji, ukienda Minago na kurudi unashuka umepinda. Fundi mmoja karibu na soko akanionyesha kiti kilichotoka kwenye pikipiki kubwa, kipana, laini kama kanape ya sebuleni. Yampayinka, nilikipenda!

Shida, kilikuwa kirefu mno. Kile chuma cha nyuma anachoshikia abiria kilikuwa kinakizuia kuingia. Fundi akaniambia, "Nitakikata hiki chuma, lakini kesho uje nikuchomee kingine. Usibebe watu hivi."

Nikasema sawa. Kesho ikawa wiki tatu. Wateja walinishika koti, wakasifu kiti, na mimi kichwa kikavimba.

Jumamosi moja mama mukwe wangu alikuwa na matanga Minago. Gari zilikuwa hazionekani, petroli imekosekana. Mke wangu akasema, "Si wewe uko? Mupeleke mama." Nilifurahi hata, nikitaka aone kiti changu.

Sasa ninyi mnajua heshima yetu. Mama mukwe hamushiki mukwe wake. Hata chumvi hakupi mkononi, anaiweka chini, wewe unaiokota. Akapanda upande, miguu pamoja, kitenge kimemkaza.

"Mama, muko sawa?"

"Ego, niko sawa. Twende polepole."

Nitasema sikukumbuka kile chuma? Nitakuwa naongeza uongo. Nilikikumbuka tulipotoka mjini. Nikajiambia, aa, si mbali.

Karibu na Minago kuna mashimo. Nikakwepa moja, la pili likatupiga. Nikasikia pikipiki imekuwa nyepesi. Mungu wangu! Kugeuka, mama yuko chini barabarani, mikono miwili imeshika kitenge asifunuke mbele yangu. Nyonga ilikuwa imevunjika, na bado alikuwa ananionea haya.

Watu wakatusaidia kumfikisha hospitali. Mke wangu akaja analia, "Imekuwaje?"

Nikamjibu, "Kizunguzungu. Ameachia mwenyewe."

Astaghfirullah! Ulimi wangu ulitoka haraka kuliko akili. Halafu, sikieni ubaya wangu wote: nikaaga kwamba naenda kutafuta chakula cha mgonjwa, nikapitia kwanza kwa fundi. Nikamwambia achomee chuma sasa hivi, asiulize. Nikarudi hospitali na pikipiki nzima na sahani ya wali.

Mama alikuwa anauza samaki wa mukeke pale bandarini, sauti yake ukiisikia kabla hujamuona. Leo anatembea na magongo mpaka mlangoni, basi. Watoto wake wanamgombeza, "Si tulikuambia, mama, na uzee huo pikipiki ya nini?" Yeye anainamisha kichwa. Na mimi niko palepale, nakunywa chai!

Mwezi uliopita nikashindwa. Nikaenda siku mke wangu yuko sokoni. Mama akakaa nyuma ya pazia, mimi kizingitini, kila mtu anaangalia upande wake. Nikasema yote, nikalia kama mtoto.

Kisha akasema, "Mukwe wangu, nilikitafuta kile chuma tangu tunapanda. Mkono ukakosa. Nikaona haya kukwambia, utadhani nakulaumu."

"Mama, nitamwambia mke wangu leo."

"Oya! Usimwambie. Namujua binti yangu, atakuacha, na wajukuu wangu watahangaika. Mimi nimeshaanguka, inatosha."

Mungu anisamehe, nilihisi nimepona. Siku mbili tu! Baadaye nikaona bora angenitukana.

Ndugu zangu wenye pikipiki, tafuteni raha ya mgongo, hakuna anayewakataza. Lakini fundi akikuambia bado, usibebe mtu. Yule wa nyuma anaweza kuwa mtu ambaye heshima haimruhusu kukushika wala kukuuliza. Na ukikosa, sema palepale, mbele ya watu wote, kabla aliyeumia hajaanza kukufichia.

Jana shemeji yangu amemwita tena mzee mkaidi. Mama amejibu, "Ni kweli, nilikosea." Nimemsikia kwa masikio yangu, na nimenyamaza.