Simu imeshika Zambia, Sekela amekosa usaili

Leo simu yangu imenidanganya mchana kweupe, ndugu zangu.

Mnajua binti yangu Sekela anaomba kusoma fizikia Ulaya, shahada ya pili. Kijiji chetu cha Ihanda kizima, nani mwingine ana mtoto wa fizikia? Mimi tu.

Leo saa tisa profesa wa huko alikuwa ampigie kwenye kompyuta, amhoji. Nikasema twende Tunduma, pale mpakani intaneti haisumbui.

Tukafika mapema. Simu ya Sekela ikaisha chaji. Nikamwambia tule kwanza.

"Baba, naona kama muda umefika."

"Kaa, mama. Simu yangu inasema saa nane. Nimelima kahawa tangu kabla hujazaliwa, sijachelewa siku ya kuipeleka kupimwa hata mara moja!"

Akakaa. Mtoto wangu ana adabu.

Tulipoingia kwenye duka la intaneti, mama mwenye duka akaitazama simu yangu, akacheka.

"Mzee, imeshika mtandao wa Zambia hii. Wenzetu wako nyuma saa nzima."

Profesa alikuwa ameshapiga mpaka akachoka.

Sekela hakulia. Hakunilaumu pia, na hilo ndilo linaniuma. Amemwandikia profesa kuomba radhi, kwamba yeye ndiye amechelewa. Mimi hakunitaja. Mpaka sasa profesa hajajibu.

Mimi siombi msamaha kwa mtu, mnanijua. Ila mwenye Kiingereza kizuri aniandikie hapa chini, nimtumie profesa: aliyechelewa ni baba. Binti alikuwa tayari tangu asubuhi.