Nilimruka Kaka kwa Stesheni ya Katoni

Mimi si mwendawazimu. Nalisema mapema kwa sababu mke wangu amewaambia watu mambo mengine. Nilichokuwa nikifanya kwenye meza yetu ya chakula, hapa Kitale, ni kujenga stesheni ya reli. Ndogo. Sokoni, kwenye mitumba, nilikuwa nimepata gari la moshi la kuchezea, linalotembea kwa betri, pamoja na reli zake za plastiki. Nikaliona likizunguka sufuria ya ugali mchana kutwa bila mahali pa kusimama, na roho ikaniuma. Abiria wake wangeshukia wapi, kwenye sukuma wiki?

Basi nikajenga, kuanzia sifuri. Mita moja ya kweli ikawa sentimita moja kwangu. Kuta nilikata kwa wembe kutoka katoni ya sabuni, milango ikawa vijiti vya aiskrimu, vioo vya madirisha nikatoa kwenye chupa ya maji. Bati ndilo lililonipa raha. Nilipasua makopo ya soda, nikayalaza juu ya gazeti, nikayachora mistari kwa kalamu iliyokwisha wino, nikikandamiza, mpaka yakawa na migongo kama bati la dukani. Haki ya Mungu, ungeyaona ungetafuta misumari.

Mke wangu, ambaye watu wake walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima huku Trans-Nzoia, hana subira na kitu chochote kisichozaa mahindi. Alichoka kula sahani ikiwa mapajani. Siku moja akapiga picha, akaitupa kwenye grupu ya familia na maneno haya: "Mzee anajenga. Imefika lenta, imebaki bati tu." Akacheka peke yake jikoni.

Hakucheka sana. Simu ikalia. Ni mama, kutoka nyumbani kwetu Bungoma, upande wa Kibabii. Hakunisalimia.

"Umeruka ndugu yako?"

"Mama, hiyo ni katoni."

"Iko na mlango?"

"Iko nao."

"Madirisha?"

"Sita. Lakini mama..."

"Na bati?"

"Bado."

"Basi usipande juu. Ukiezeka hiyo kitu kabla ndugu yako ajenge, usinijue."

Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Hilo najua, nimelelewa nalo. Na kaka yangu, kifungua mimba, amepita miaka hamsini bila kusimamisha hata choo. Anafanya biashara ya mahindi, leo Suam, kesho Moi's Bridge, analala vyumba vya kukodi au juu ya magunia yenyewe. Sehemu yake nyumbani, pale kando ya ua wa misaiprasi, ni nyasi. Kila Krismasi anasema, "Mwaka ujao." Mama hacheki. Mwanamume asiye na nyumba kwao, akifa, jeneza lake halina mlango wa kupitia. Linakaa nje, uwanjani, linanyeshewa kama la mgeni. Mama haogopi kufa kwake mwenyewe. Anaogopa hilo. Aliniambia wazi siku moja tukichambua maharagwe: "Nikienda kabla hajajenga, nitakuwa nilizaa msafiri."

Lakini jamani, stesheni ya katoni!

Nilidhani kaka atanitetea. Wapi! Alifika Kitale kesho yake, vumbi la mahindi mpaka kwenye nyusi, akasimama mbele ya meza akiwa ameshika kiuno.

"Hata kama ni ya panya," akasema, "umeniruka."

"Kaka, wewe pia?"

"Si ungeniambia? Mtu anaambiwa, bana."

Alikuwa ameumia kweli. Nilimwona, nikakasirika, halafu nikamhurumia, halafu nikakasirika tena kwa sababu paa langu lilikuwa limekaa tayari kwenye sinia likingoja ruhusa ya mzee wa mahindi.

Mke wangu ndiye aliyetuamua. Alileta chai, akatutazama sote wawili kama watu waliopandwa na malaria kichwani. "Shemeji, si ujenge yako kwanza? Katoni ziko. Gundi iko. Ukimaliza, huyu naye aezeke, tupate meza."

Kaka akaguna. Akavuta kiti. Ukuta wa kwanza aliukata ukapinda, wa pili ukamkata kidole. Nikamwambia aache nimsaidie, akanifukuza. "Mtu hujengewa nyumba na mdogo wake?" Kufikia jioni alikuwa ameacha kupokea simu za wateja. Akataka veranda. Akataka dirisha la chumba cha kulala litazame Mlima Elgon, akageuza nyumba mara tatu mezani akiutafuta mlima. Aliuliza jiko liwe ndani au nje. Aliuliza kama mtu akiketi pale barazani ataona nani anaingia langoni. Mimi nilikuwa nikimcheka, nikamsogezea gundi. Huyu mtu alikuwa na nyumba nzima kichwani, miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza imekaa namna gani.

Tukamtumia mama picha. Jibu likaja kwa sauti, kali: "Kifungua mimba wangu ajenge Kitale, juu ya meza ya mwanamke? Leteni nyumbani."

Tukaipeleka Bungoma ndani ya katoni ya vifaranga. Mama alikuwa amefyeka nyasi kando ya ua na kufagia. Kaka akapiga magoti, akaiweka, akaigeuza mpaka veranda ikatazama lango. Mama akaizunguka. Akainama, akachungulia sebuleni.

"Ni nzuri," akasema. "Sasa washa moto. Nyumba haijawashwa moto ni kibanda."

"Mama, ni katoni," nikasema. Nilikuwa nimeshalisema hili neno mpaka ulimi umekufa ganzi.

"Kidogo tu. Jikoni."

Kaka akatia kijiti kimoja cha kiberiti kwenye mlango wa jiko. Mimi najua gundi ile. Nilifungua mdomo, nikachelewa. Moto ukapita jikoni, ukaingia sebuleni, ukapanda juu.

"Nyumba yangu!" kaka akapiga kelele. "Nyumba yangu inaungua!"

Sijawahi kumsikia akisema maneno hayo mawili ya kwanza. Na mama, ambaye angeweza kuukanyaga moto ule kwa ndara moja, akaweka mikono kichwani akapiga nduru. Nduru ya kweli, ile inayoitisha kijiji.

Wakaja. Kwa mabeseni, kwa majembe, mmoja na ngazi, mmoja na blanketi lililoloweshwa. "Iko wapi? Iko wapi?" Kaka akanyoosha kidole kwenye jivu lililotosha sahani moja. Nilitaka ardhi inimeze. Jirani wetu wa ngazi akalitazama, akamtazama kaka anayelia, akavua kofia.

"Pole sana, ndugu," akasema.

Ningeeleza, lakini mbio za habari mbaya unazijua. Mpaka inafika ng'ambo ya mto, kijana wa kwanza wa mama fulani ameunguliwa na nyumba yote. Kesho yake asubuhi wakaanza kuingia. Miti ya mikaratusi. Fito. Kamba. "Mama, nimereta milango miwiri," akasema fundi mmoja kwa lafudhi yake, akaiegemeza ukutani. Watu wa kanisa wakaleta bati, bati zima, la kweli. Nikamvuta mama kando.

"Mama, turudishe hivi vitu. Hawa watu wanadhani..."

"Wanadhani nini? Nyumba haikuungua?"

"Iliungua, lakini..."

"Mti ukibebewa aliyeunguliwa haurudi ulikotoka. Ni mkosi. Nenda uchote maji ya udongo."

Nikachota maji ya udongo. Mimi, mtu wa ofisi, nilikanyaga tope na wanawake wa kanisa wakinicheka suruali. Fundi akamuuliza kaka anataka chumba cha kulala kitazame wapi, na kaka akajibu kabla swali halijaisha.

Jumamosi bati likapigwa. Mama akaniambia nikirudi Kitale niko huru kuezeka kitu changu, nikasema asante, kana kwamba nilikuwa nangoja cheti cha kaunti.

Wageni walipoenda, kaka alibaki mlangoni na futi ya fundi. Alipima upana wa mlango. Akapima tena, akasimama katikati, akainua mikono kama mtu aliyebeba kitu kirefu begani pamoja na wenzake, akageuka pole pole.

"Mama," akasema, "naona hapa litapita bila kugongagonga."

Mama alikuwa akitandika mkeka sakafuni, juu ya udongo ambao haujakauka vizuri. Hakuinua kichwa.

"Litapita," akasema. "Lakini kwanza uingie na miguu yako."