Figo Niliyoiahidi Mbele ya Pilau

Mimi ni mwoga, ndugu zangu, na mwoga mwenye mdomo mkubwa ni balaa. Nimekosa! Jina langu silitaji, maana bado nachoma kuku stendi ya Nangurukuru na wateja wangu wanasoma.

Dada yangu, aliyenilea mama alipofariki, figo zake zimekufa. Siku hizi anakaa kwa binti yake Dar es Salaam, kwenye mashine ya kumsafisha damu.

Siku ya dua ya kumwombea apone ukoo mzima ulikuja, hata wale wa kijijini Miteja. Pilau lilipopakuliwa, mimi huyo nikasimama. "Dada atachukua figo yangu! Hata leo!"

Vigelegele! Nikaongezewa na minofu. Mtani wangu tu ndiye aliyeguna: "Wewe? Jipu lako tu lilitaka watu wanne wa kukushika!" Watu wakacheka. Mimi nikamwona ana wivu.

Hospitali wakanipima kila kitu, na damu ikaoana na ya dada. Wakasema bado kuna mahojiano: mtu wa ustawi wa jamii, kisha daktari mwingine asiyemtibu dada. Nikawabeza manesi. "Mahojiano ya nini, mnaniposa? Nipasueni!"

Kumbe hospitali hairuhusiwi kupandikiza figo bila hayo. Mtoaji lazima ahojiwe peke yake, ndugu wakiwa nje, isije ikawa kalazimishwa au kanunuliwa. Akikataa, ndugu wanaambiwa tu kwamba hafai. Sababu haitolewi.

Daktari akafunga mlango. Akaniuliza taratibu, "Wewe mwenyewe, kwa moyo wako, unataka?" Kisha akanionyesha kwa kidole, hapa ubavuni, kisu kitakapopita.

Nyie! Nikasema sitaki, tena mbiombio, kama vile kisu kiko mezani.

Hakunicheka. "Huna kosa," akasema. "Ukibadili nia, rudi."

Na kweli, hapo nilikuwa sijakosa. Kuogopa si dhambi. Nilikosea nje kwenye benchi, dada aliponiuliza wamesemaje. Nikainamisha kichwa na kujifanya mnyonge. "Wamesema sifai, dada. Na mimi figo zangu si nzima."

Loo! Akalia. Akanililia mimi! "Mdogo wangu, kumbe na wewe unaumwa na ulikuwa unataka kunipa!"

Tangu siku hiyo mimi ni mgonjwa. Dada kamwagiza mke wangu anipikie bila chumvi. Gunia la mkaa nabebewa. Pweza wa nazi anawekwa mbele ya wenzangu, mimi naletewa mchicha wa kuchemsha! Nikizidiwa najificha nyuma ya banda, nakula kuku wangu mwenyewe kama mwizi. Mtani wangu ananitazama tu. Siku hizi hata hanitanii, na hilo linaniuma kuliko matusi.

Dada naye anazidi kupungua. Ndugu wengine wamepimwa, damu zao zimekataa. Iliyokubali ni yangu, na anayejua hivyo kwetu ni mimi peke yangu.

Kisu sikiogopi tena kama zamani, wallahi. Ninachoogopa ni kurudi kwa yule daktari, maana kabla ya kufika huko itabidi nimwambie dada kwamba nilikuwa mzima siku ile, na yeye akanililia bure.

Wenzangu, msigawe miili yenu pilau likiwa mdomoni. Na ukiogopa, sema naogopa, wakucheke yaishe! Mimi nilikimbia kuchekwa, tazama nilipofika.

Naandika haya, simu inaita. Ni yeye.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu." Sauti imekuwa nyembamba, namsikia kwa shida. "Umekula? Hawajakutilia chumvi?"

"Hawajatia, dada," nimemjibu, na paja la kuku mkononi.