Ghala la Mutalemwa

Kabla ya ghala lile, Mutalemwa hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Alikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha mafuta ya pamba hapa Mwanza, mtu wa kalamu mfukoni na shati lililonyooshwa. Kisha kiwanda kikapata mmiliki mpya, na wenye kalamu ndio walioanza kupunguzwa. Akarudi nyumbani Buswelu na mkono wa kwaheri, akakaa barazani mwezi mzima akisikiliza redio ikimwambia kwamba sasa ni soko huria, kila mtu ajitegemee.

Mimi Sabina ni jirani yake, tumetenganishwa na ua wa minyaa tu. Mkewe, Evelina, ni mtu wa kwetu Magu, na mama yake Evelina nilimjua tangu nikiwa msichana. Kwa hiyo nikisema neno kuhusu nyumba ile sisemi la kusikia. Na nikikasirika mnivumilie, maana mpaka leo hasira haijanitoka.

Mutalemwa alikodi shamba upande wa Kisesa, akalima mahindi. Alilima vizuri, simnyimi sifa yake. Mwaka huo wa tisini na saba ulianza kwa ukame, watu wengi walivuna mabua, lakini yeye masika ilimkubali. Alipomaliza kuvuna akatangaza kwamba atajenga ghala la kisasa nyuma ya nyumba, kwa mikono yake mwenyewe, bila fundi.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mhaya na ghala wapi na wapi! Kwao Muleba chakula kinaning'inia mgombani. Njaa ikiuma, mtu anachukua panga, anaingia shambani, anakata mkungu, basi. Nikamwambia, "Shemeji, mwache Evelina akusukie kihenge. Tutakiinua juu ya mawe, tutakikandika, wiki hii tu umemaliza."

"Kihenge!" alisema. "Shemeji, kile ni kikapu. Kibaka anakitoboa kwa kisu, mahindi yanamwagikia kwenye gunia lake, wewe umelala. Mimi najenga tofali."

Hapo hakusema uongo. Siku zile waliopunguzwa kazi walikuwa wengi, na wengine hawakuwa na shamba la kukodi. Kuku walikuwa wanaibiwa mchana kweupe.

Basi akajenga. Msingi aliuchimba hadi mahali mgongo ulipomwambia inatosha. Ukuta wa kwanza aliupandisha kwa kukadiria kwa jicho, akajisifia, na asubuhi tukaukuta umelala chini. Watoto wa mtaa wakaupa jina la mlevi. Mutalemwa hakukata tamaa. Alikwenda kuazima timazi, akaning'iniza uzi wake, akaanza upya, na safari hii ukuta ukasimama. Malengelenge yalimpasuka mikononi mpaka yakawa sugu. Jioni alikuwa anasimama mbele ya kazi yake, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kimwache nilimwona akitabasamu. Ningekuwa na moyo mbaya kama ningesema sikufurahi naye.

Lakini mtu anayejifunza peke yake hajui asichokijua. Sakafu aliimwaga saruji moja kwa moja juu ya udongo, bila mawe chini, akaisugua kwa mwiko mpaka ikang'aa. Dirisha hakuweka hata moja, akisema dirisha ni la mwizi. Mabati aliyapigilia misumari kwenye mabonde, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni, kwa sababu bondeni bati limegusa mbao na msumari unashika vizuri. Akaweka mlango wa chuma na kufuli kubwa kama ngumi. Plasta ndani ilikuwa bado mbichi alipoanza kupanga magunia, ameyaegemeza ukutani kabisa, hadi juu.

Na ufunguo akauvaa shingoni.

Hili ndilo lililoniudhi kuliko mabati. Kwetu Usukumani chakula cha ndani ni cha mama. Yeye ndiye anayefungua, anayepima, anayejua mahindi yamepata joto au wadudu, anayetoa kuanika jua likiwaka. Mwanamume anayechungulia kihenge cha mkewe anachekwa hata na watoto wake. Kwa kina Mutalemwa shamba la migomba ni la baba na baba ndiye mwenye neno. Akaona ghala nalo ni vivyo hivyo. Evelina akihitaji unga alimwomba, na yeye anaingia, anatoa debe, anafunga. Evelina alikuwa mpole, alisema, "Mwache, Dada Sabina. Kazi ameipoteza, angalau awe na ufunguo."

Mwezi wa nane Mutalemwa akamwambia mkewe: "Mpelekee mama habari. Alete mahindi yake hapa. Kule anaishi peke yake, watamwibia."

Mama yake Evelina aliitwa Minza. Alikuwa mjane, anaishi Kahangala, kwetu Magu, kwenye kiwanja cha marehemu mumewe, na kaka yake Maige ni jirani wa mbali kidogo. Kweli wezi wa mazao walikuwa wamemtembelea mwaka uliopita. Akakubali. Akapakia mavuno yake yote kwenye gari la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakuja Mwanza. Yote, sikilizeni vizuri. Kahangala hakubakiza zaidi ya kiasi cha kumfikisha Desemba.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikaja. Zile ambazo kila mtu alijifunza kuziita Elinino. Zilinyesha kama mtu amesahau kuzifunga. Mto Mirongo uliingia majumbani, barabara zikakatika, na bei ya unga ikapanda kila asubuhi. Evelina alimwambia mumewe, "Baba Severine, nipe ufunguo niyatazame." Mutalemwa akajibu kwamba ukifungua mlango ndipo unyevu unapoingia. Kwake yeye ghala lilikuwa kama kasha la fedha kiwandani: usalama wake ni kutofunguliwa. Alitaka kusubiri baada ya Krismasi, bei ikifika kileleni, auze nusu.

Lakini siku moja alipoingia kutoa debe, alitoka mikono mitupu. Mimi nilikuwa uani naanua nguo. Nikamwona ameketi kwenye kizingiti, uso umemshuka.

Magunia ya chini yalikuwa yameoza yakawa donge. Ya katikati yalikuwa ya moto ukiingiza mkono, yana ukungu wa kijani. Hayo alimwambia mkewe, kwa sababu harufu isingefichika: mahindi yetu yamekwisha. Akayazika shimoni pale pale uani, wakaanza kununua mihogo. Evelina alilia, kisha akauliza la mama yake.

"Ya mama yalikuwa juu," Mutalemwa akasema. "Ni mazima."

Yale ya juu yalikuwa na afadhali kwa macho tu. Siku jua lilipotoka, Evelina akiwa soko la Mirongo kuuza dagaa, Mutalemwa aliyaanika kwenye turubai, akachambua meusi, akayapepeta mpaka vumbi la kijani likaisha, akayatia kwenye magunia mapya na kuyashona kwa uzi wa bluu. Nilimwona. Nikadhani amepata akili, sasa anaanika.

Angeweza kumwambia mama mkwe? Hapo ndipo mambo yalipofungamana. Mkwe na mkwe kwetu hawatazamani. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hata njiani mmoja anapinda kichakani. Neno linapita kwa mke. Na kwa mke, Mutalemwa alikuwa ameshasema ni mazima.

Minza alikuja kuchukua chakula chake kabla ya Krismasi. Alisimama nje ya minyaa, kanga imefunika uso, kama mwanamke mwenye adabu. Mutalemwa akabeba magunia hadi njiani, gunia baada ya gunia, macho chini, kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimsikia yule mama akimwambia binti yake, "Mwambie mkwe wangu nimeshukuru. Mwenyewe ningekwishaibiwa."

Evelina akaenda nyuma ya nyumba, akamfikishia mumewe maneno hayo, neno kwa neno.

Mwezi wa pili tukaletewa habari kwamba Minza anaumwa. Tulipofika macho yalikuwa ya manjano, tumbo limejaa, chakula hakikai. Zahanati walisema ini. Mimi si daktari. Najua tu kwamba alikuwa mtu wa kulima kutwa nzima, na kwamba hata kuku wake, aliokuwa akiwatupia pumba, walikuwa wamekufa karibu wote. Alifariki kabla njia haijapitika kumleta mjini.

Tulimzika kwenye mvua. Watu walikuwa wengi, maana Minza alikuwa mtu wa watu, na watu wamekuja na njaa zao, mwaka ule nani hakuwa na njaa. Maige akasema marehemu ameacha mahindi, yasagwe watu wale. Wanawake wakasaga. Sufuria kubwa zikapandishwa.

Nilikuwa natia kuni, mwiko mkononi. Wanaume walikuwa upande wa pili, chini ya turubai, na Mutalemwa kati yao, mkwe aliyefiwa, wanampa pole. Mwanamke mmoja akapita mbele yao ameburuta gunia jingine kuelekea kinuni, mshono wa bluu mdomoni mwa gunia.

Mutalemwa akainuka. Akaja moja kwa moja jikoni kwa wanawake, mahali ambapo mkwe hakanyagi, hata msibani. Nikadhani amechanganyikiwa kwa majonzi. Akashika mwiko mkononi mwangu.

"Msiwape watu," alisema. "Msiwape huu ugali."

Maige akasogea. "Kwa nini, mkwe?"

"Mahindi yameharibika. Yaliharibikia kwangu. Niliyapepeta yaonekane mazuri."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Kuna vijana waliomjia, na Maige akawazuia kwa mkono. Mimi nilitaka wamwache aje kwangu nimmalize mwenyewe, nasema kweli. Nilimchukia pale, na nilijua pia kwamba amewaokoa watoto wetu wote waliokuwa wameshika sahani.

Evelina alikuwa ameketi mkekani na wafiwa. Aliinuka, akaja, akamwaga maji kwenye moto wa kwanza, kisha wa pili. Hakulia wala hakupaza sauti. Alipomfikia mumewe alisimama karibu naye kabisa, akamtazama kama mtu anayetafuta njia aliyoipita jana.

"Ungeniambia tu," alisema. "Mihogo ilikuwepo. Tungegawana naye mihogo."