Aliyemwokota Kakakuona

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, pale Maposeni, mwaka ule ruzuku ya mbolea ilipoondolewa na wakubwa wakawa wanatamka "soko huria" kana kwamba ni jina la mtakatifu. Ndipo siku moja mchana Baba Mdogo Osmundi akarudi kutoka kukata fito akiwa amemkumbatia kakakuona kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Kwetu kakakuona hakuwa nyama. Alikuwa mgeni. Hujitokeza mara chache mno, na anayemwona hamuui: humleta kijijini, watu wakamwekea vitu mbele, na kile atakachokiendea ndicho habari ya mwaka. Akiendea maji, mvua. Unga, shibe. Panga, Mungu atusaidie. Kisha, kabla jua halijazama, aliyemwokota humrudisha palepale alipomtoa. Naye huhesabiwa mwenye bahati. Hupewa kiti, na togwa ya kwanza ni yake. Sisi ni Wakatoliki, tena wa misa ya kwanza, lakini siku hiyo hata katekista alisogea, akasimama nyuma kidogo kama anayepita tu.

Bibi yangu, mama yake Osmundi, alitandika kaniki uwanjani, akapanga bakuli la maji, ungo wa unga na panga. Mzee Kuniberti, jirani yetu asiyekosa neno, akaleta mfuko mtupu wa mbolea, akautupa pembeni.

"Mwulizeni na hili. Mbolea itashuka bei, au tulime kwa rozari?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. "Kuniberti, mdomo wako huo utakuzika."

Kakakuona akajikunjua taratibu, akanusa hewa. Akayapita maji, akaupita unga, akaenda kujikunja juu ya ule mfuko. Kicheko kikakatika. Kuna waliosema mavuno yatakuwa makubwa, kuna waliosema hiyo ni njaa, ubishi ukaanza. Bibi akaukata.

"Hajasema kitu. Amechoka. Osmundi, maliza togwa yako umrudishe, jua linashuka. Akilala kwa watu, wenzake hawatakuja kwetu tena."

Hakurudishwa. Gari liliingia uwanjani, la bwana nyama, ndivyo tulivyowaita maofisa wa wanyamapori. Nani aliwapelekea habari, mpaka leo hatujui. Akashuka kijana mwenye sare, mpole, mwenye adabu zake, na wenzake wawili nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kumwona mgeni?"

"Nimekuja kumchukua. Huyu ni mali ya serikali." Akawageukia watu. "Nani amemkamata?"

Hapo ndipo moyo wangu hukwama kila nikikumbuka. Kwetu swali lile lilikuwa na maana moja tu: mwenye bahati ni nani, apewe heshima yake. Baba Mdogo akainuka kwenye kiti chake, povu la togwa mdomoni, akanyoosha mkono kama mwanafunzi anayelijua jibu.

"Mimi! Mimi hapa ndiye niliyemwokota!"

Wakamtia pingu. Kakakuona wakamtia ndani ya ule mfuko wa mbolea. Wote wawili wakapakiwa nyuma ya gari, na Baba Mdogo alikuwa bado anatabasamu kidogo, akingoja utani uishe.

Asubuhi yake Bibi alinichukua tukapanda lori la mahindi kwenda Songea mjini. Mkononi alikuwa na kikapu cha ugali na maharage ya mwanawe. Kichwani, beseni la udongo wa kichuguu uliojaa mchwa, amelifunika majani. Tuliposhuka, akashika njia ya ofisi ya wanyamapori, si ya polisi.

"Bibi, na Baba Mdogo je?"

"Baba yako mdogo ana mdomo wa kuomba. Twende."

Hatukuvuka lango. Mlinzi alifunua majani, akaruka nyuma. "Mama, unatuletea mchwa ofisini? Si watakula mafaili yote!"

"Ni chakula cha mgonjwa wangu. Kakakuona hali kingine."

"Mgonjwa wako ni kielelezo cha kesi, haruhusiwi kuonwa. Na usihangaike, wamempa kabichi."

Tulikaa nje ya lango mpaka jua likawa kali. Mchwa wakaanza kutoka kwenye beseni, wakamtambaa Bibi mapajani, juu ya kitenge chake cha kanisani. Hakuwapangusa. Baba Mdogo tulimfikia jioni, chakula kimeshapoa.

Siku ya kesi kielelezo kililetwa mezani. Kilikuwa ngozi na magamba. Hakuna aliyeuliza mnyama alifia kwa nani. Baba Mdogo aliulizwa kama ana la kusema, akasema, "Nilikuwa namrudisha." Akafungwa. Bibi alifariki kabla hajatoka.

Baadaye nilisoma, nikafika chuo, nikasimama kwenye midahalo nikiwasikia wenzangu wakisema mwanakijiji haijui thamani ya mnyama mpaka aelimishwe. Haya, nauliza tu: ni nani alimbeba kama mtoto, na ni nani alimtia mfukoni? Niliwachanachana kwa hoja, sikatai, nikapigiwa makofi. Makofi yale hayajawahi kunituliza.

Sisemi kakakuona aliijua mvua. Mwaka ule mvua ilinyesha kama miaka mingine, na mbolea haikushuka bei. Ninachosema ni kwamba imani yetu ilimwekea mnyama yule njia ya kurudi kwake kabla ya jua kuzama, bila bunduki, bila mshahara wa mtu. Sheria ilikuja kumlinda ikaiziba njia hiyo hiyo. Tangu Baba Mdogo afungwe, Maposeni hakuna aliyethubutu tena kumleta kakakuona mchana mbele za watu. Anayemkuta porini sasa humpita kimya, au humpiga kichwani kimya, na magamba huuzwa kwa wageni wasiosalimia. Bibi alisema hawatakuja tena. Sikujua kwamba sisi ndio tungeogopa kuwaleta.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani. Ukutani mwa shule wamechora kakakuona mkubwa, chini yake maneno ya kuwahimiza watoto wamlinde. Mjukuu wa Baba Mdogo, binti anayependa kunishika kidole, alinivuta tukatazame.

"Shangazi, huyu anauma?"

"Haumi. Hana hata jino moja."

Akafikiri. "Sasa mbona Babu anaogopa kupita hapa?"

Nikamshika mkono, tukaenda nyumbani kwa njia ya nyuma, kupitia mashambani, ile anayopita babu yake.