Kitufe Kilichoitwa Mwisho

Mama yangu hana sauti kubwa. Ni mwenyekiti wa akina mama wanaoanika dagaa Katonga, na siku alipopewa dakika tano kuwaeleza maofisa kwa nini chanja zao za kuanikia zisihamishwe kutoka ufukweni, ukumbi mzima uliona midomo yake ikicheza na haukusikia kitu.

Mimi nilikuwa kwenye mitambo, hatua ishirini kutoka kwake. Nilikuwa nimemaliza chuo na kujishikiza kwenye ukumbi huo, uliopo Buzebazeba, chini ya fundi mitambo wa siku nyingi. Ukutani palikuwa na paneli, kioo cha kugusa chenye vitufe vinne: Mkutano, Harusi, Kaswida, Msiba. Kila kitufe kiliita mpangilio wa sauti uliohifadhiwa kwenye mashine, maiki zipi ziwe wazi na mwangwi uwe kiasi gani. Ukikigusa kiling'aa mara moja, kisha kikarudi kijivu kama wenzake. Ukichelewa kutazama, huna njia ya kujua kipi kiliitwa mwisho.

Fundi alikuwa na dawa yake: kibanio cha nguo. Kila alipobonyeza kitufe, alibana kibanio kwenye ukingo wa paneli, mkabala na kitufe hicho. Hakuna aliyethubutu kukigusa ila yeye.

Siku ile kibanio kilikuwa kwenye Mkutano. Msimamizi wa kikao alikifungua kwa kupaza sauti tu, bila maiki, kisha akamkaribisha Mama kwenye maiki ya mezani. Alipoanza bila kusikika, fundi alitupia jicho kibanio, akaridhika, akapiga magoti kutafuta waya uliokatika. Nami nikapiga magoti naye. Dakika tano ziliisha tukiwa chini ya meza.

"Mama, tumekuelewa, kaa tu," nikasikia msimamizi akisema.

Waya ulikuwa mzima. Tulipokuwa tunapanga viti, mama anayesafisha ukumbi alitueleza jinsi vumbi lilivyomsumbua asubuhi, mpaka kile kioo akakifuta kwa kitambaa kibichi. Kumbe kitambaa kilikuwa kimegusa kitufe na kuita Kaswida, mpangilio unaofungua maiki zinazoning'inia juu na kuizima ya mezani.

"Fundi," nikasema, "kibanio kinaonyesha tunachoamini sisi. Mashine ina yake."

"Msomi, kibanio hiki kina umri mkubwa kuliko cheti chako."

"Basi nakiamkia, shikamoo. Lakini leo kimedanganya."

Alicheka, ingawa si sana. Akina mama walikataa kutoka ukumbini mpaka wapangiwe kikao kingine. Wakapewa cha baada ya wiki mbili, wakaambiwa ndicho cha mwisho kabla ya uamuzi. Nikajiapiza kwamba siku hiyo ikifika, paneli itasema ukweli.

Fundi alitaka kitufe kikiguswa kibaki kijani, basi. Nikamuuliza: kimeguswa na nani? Na mashine imetii? Kidole kinaweza kugusa na ujumbe usifike. Kwa hiyo nilipanga kijani kiwake pale tu mashine itakapojibu kwamba imeuita mpangilio. Tena, mtu akipandisha au kushusha sauti baadaye, kijani kigeuke njano, maana kitufe kile ndicho kilichoitwa mwisho lakini mambo hayako tena kama yalivyohifadhiwa.

"Na umeme ukikatika?" fundi aliuliza.

"Vyote viwe kijivu, na maandishi juu: Haijulikani."

"Si uwashe Mkutano tu? Ndio tunaotumia zaidi. Nani anataka paneli inayokiri haijui?"

"Mimi."

Nyumbani nilimchorea Mama rangi zote hizo kwenye karatasi. Alitazama kwa adabu, akaendelea kuchambua mchele. "Mwanangu, mimi sina shida na taa. Nataka wanisikie."

Nilijaribu kila siku kwa wiki mbili. Nilikifuta kioo kwa kitambaa kibichi, nikachomoa nyaya, nikazima swichi kuu. Mara mbili kijani kiliwaka kabla ya mashine kujibu, nikabomoa programu niliyoiandikia paneli na kuanza upya.

Siku ya kikao, maofisa wakiwa wameshakaa, umeme ulikatika. Jenereta likanguruma nje, mashine ikawaka, na paneli ikaandika: Haijulikani.

"Haya, mhandisi," fundi alininong'oneza. "Taa zako zimezirai."

"Hazijazirai. Zinakataa kubahatisha."

Nikabonyeza Mkutano. Kijivu. Bado kijivu. Mama alikuwa ameshasimama mbele ya maiki, ananitazama, na nikamwonyesha kiganja: subiri. Akasubiri. Msimamizi akaangalia saa yake. Kisha kijani kikawaka, nikashusha mkono.

"Mwakeye," Mama akawasalimu kwa Kiha. Sauti yake iligonga ukuta wa nyuma, akashtuka akarudi hatua moja. Fundi akaipunguza kidogo. Kijani kikageuka njano, naye akanigeukia haraka kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

"Sawasawa," nikamwambia. "Ndivyo inavyotakiwa."

Mama akasogea tena.

"Sisi ndio tunaoanika pale Katonga," alisema, na wale wa viti vya nyuma kabisa wakaacha kuinama mbele kutega masikio. "Nitawaeleza kwa nini hatuhami. Na leo naomba asiniambie mtu nikae kabla sijamaliza."

Ofisa wa kwanza alifungua daftari lake. Wa pili akamwomba kalamu.